Nakuja

Kibandani kwa kupimia chai, Kyimbila kwa juu,
wananiita Bwana Nakuja.
Natundika kikapu kwenye mizani,
mshale haujatulia, tumbo linanifinya,
nasema nakuja, nami ndiyo kwanza naondoka.
Akina mama wanabaki mvuani,
majani yakinywa maji na kuongeza kilo za uongo.

Miaka minne.
Nilijua kila choo toka Ushirika hadi Kiwira:
upi una komeo, upi unafungwa kwa ugwe wa mgomba,
upi mwenyewe huficha ufunguo kwenye kopo la rangi.
Harusi ya dada yangu Subilaga niliitazama
kutoka pembe ya ukuta, nikihesabu hatua.

Wakasema minyoo. Nikameza.
Wakasema amiba. Nikameza.
Wakasema taifodi, maana taifodi haimkosi mtu.
Mjomba Ambokile akasema ni mtu, na jina akalitaja:
Mwakalobo, jirani,
ambaye kosa lake ni mgomba wake kuzaa kuliko wetu.
Nikaanza kumpita bila salamu.

Ndipo daktari Anyegile, Makandana,
akapima damu, akapima choo,
akanituma hadi Rufaa, Mbeya,
wakachungulia ndani kwa mpira wenye taa.
Safi, wakasema.
Nilitaka kulia. Safi!
"Unaumwa kweli," akaniambia Anyegile,
"ila maumivu haya hayatoki kwenye picha.
Utumbo wako si mbovu. Ni mwepesi kukasirika.
Una ndugu asiyetaniwa?"
Ninaye. Shangazi Bupe. Neno moja tu
na kikao cha ukoo kimevunjika.
"Basi ni huyo. Humfukuzi, ni ndugu.
Unajifunza lipi humwambii, na saa ipi."
Kisha akaweka kalamu chini:
"Ukiona damu, ukikonda bila kujinyima,
homa, au maumivu yakikuamsha usiku,
hizo si hasira tena. Rudi siku hiyohiyo."

Nikaligeuza daftari la mizani.
Mbele kilo za watu, nyuma tumbo langu.
Jumatatu: maharage, kitunguu kingi. Nakuja mara tano.
Jumanne: ndizi za kupika, karoti, samaki wa Matema. Kimya.
Jumatano: parachichi, kipande. Kimya.
Alhamisi: parachichi zima. Mungu wangu.
Ijumaa: sijala kitu. Meneja amekuja kukagua vitabu.
Mara sita.

Hapo nilikaa chini, juu ya kikapu kilichopinduliwa.
Tumbo halikula, lakini lilisikia.

Sasa nakula kidogo, na saa zake.
Chai naitaka ya rangi. Maziwa ndiyo yaliyonigharimu:
kwetu kukataa maziwa mgando ya mama
ni kama kuukana ukoo.
Alinuna wiki nzima.
Wiki ya pili nikakuta chungu kidogo pembeni,
kisicho na kitunguu, kimefunikwa kwa jani la mgomba.
Hakusema kitu. Nami sikusema.

Gari la kiwanda likipiga honi kule kwenye kona,
navuta pumzi hadi chini, kwenye mkanda,
naiachia polepole kama mtu anayepoza uji.
Jioni natembea hadi darajani na kurudi.
Njiani nilimsalimia Mwakalobo.
Alishtuka kidogo, akaniuliza habari za tumbo.
Kumbe lilijulikana hadi kwake.

Sijapona. Ziko siku Shangazi Bupe anaamka naye,
na hakuna daftari linalomweza.
Lakini jana, mvua ikipiga bati,
Tusekile akatundika kikapu chake,
nami nikasikia mnyweo ule ule, chini ya kitovu.
"Haya, nenda," akasema, bila kucheka.
Nikausubiri mshale utulie.
Kilo kumi na saba na nusu.
Nikaandika.
Kisha ndipo nikaenda.