Umri wa Mikono

Kijana wa duka la dawa, pale Langoni,
alinirudishia chenji, kiganja changu akakitazama,
kisha akanitazama mimi.
"Bi Mwanamize," akasema, "mikono hii ni ya nani?"

Nikacheka. Nilipofika nyumbani sikucheka.
Nikailaza mikono mezani, chini ya taa,
kioo nikakiegemeza kwenye birika,
nikalinganisha, kama apimaye vipande viwili vya kitambaa
kujua kama vimetoka jora moja.
Havikutoka jora moja.

Miaka thelathini na minne nasinga maharusi.
Liwa naisugua juu ya jiwe mpaka iwe uji,
dalia, maganda ya machungwa yaliyoanikwa uani,
karafuu kidogo, marashi,
uto wa simsim kwa mwenye ngozi kavu.
Siku saba kila mmoja.
Mgongo wa binti wa Shela, mabega ya binti wa Matondoni,
shingo, viwiko, nyuma ya masikio
ambako hata mume mwenyewe huchelewa kufika.
Wao wakatoka wanang'aa.
Yaliyosalia bakulini yakasalia mikononi mwangu,
nami nikajifuta kwa leso, nikaenda sokoni.

Uso? Uso niliuachia jua.
Shavu la kushoto hasa, ndilo linaloelekea ua
saa nne mpaka saa nane, nikisugua.
Huko mistari haina hesabu, na baka la rangi ya haluwa
limekaa kama mgeni aliyeacha kutaja siku ya kuondoka.

Kuna dawa. Simbishii asemaye kuna dawa.
Jirani yangu Mwanaate alinunua kikopo kisichosema kina nini,
wiki tatu akawa mweupe kama maziwa,
ya nne ngozi ikambanduka kama chokaa ya ukuta wa pwani,
na chini yake weusi ambao si wake.
Sasa hujitanda mtandio hata chumbani.

Yule kijana alinieleza taratibu, kama mjukuu afundishaye simu:
krimu ya kukinga jua kila asubuhi, hata siku ya mawingu;
ya usiku, kiasi cha punje ya choroko, basi,
itawasha, vumilia, miezi mitatu.
"Haitafuta yote, bibi. Itapunguza."
Nilimpenda kwa neno hilo, itapunguza.
Bei yake ni singo ya maharusi wawili.

Nimenunua ya asubuhi. Ya usiku bado naiwaza.
Na jiwe la liwa nimelihamishia ng'ambo ya ua,
kwenye kivuli cha tangi la maji.
Jambo la bure, na limenichukua miaka yote hii.

Jana usiku, bakuli la binti wa Kizingitini lilibaki robo.
Sikujifuta.
Nilikaa mbele ya kioo, nikafumba macho,
na vidole vyangu, vichanga, vikapanda polepole
kutoka kidevuni kwenda juu, kama niwafanyiavyo wao.
Vilikuta mifereji, vikasita,
vikapita kwa adabu.
Nikasema kwa sauti, kama niwaambiavyo wote siku ya kwanza:
"Tulia, mwanangu. Usione haya.
Nimeona ngozi nyingi."