Bei ya Kijivu

Genésio aliileta ndani ya mfuko wa unga wa muhogo,
mashine ya michezo ya mwaka themanini na tisa,
na nilipoiweka mezani punje za unga zilibaki kwenye matundu ya hewa
kana kwamba imelishwa njiani.
"Taa inawaka," akasema. "Picha ndiyo haiji."

Hapa Manaus unyevu ni mpangaji asiyelipa kodi.
Hukaa ndani ya viatu, ndani ya vitabu,
hukaa chini ya plastiki na kula shaba kimyakimya.
Nikaanza na yale ya kila siku:
pamba, spiriti, meno ya kaseti niliyoyasugua
mpaka pamba ikatoka nyeupe.
Nikabadili adapta. Nikabadili waya.
Nikabadili hata runinga, nikijua fika runinga haina kosa;
fundi naye hubahatisha, ila hubahatisha kwa utaratibu.

Weusi.
Si weusi wa kuzimwa. Weusi wa mtu aliyefumba macho
ilhali yu macho,
maana muziki ulikuja.

Nilinyoosha mkono kuzima, Genésio akanishika kiwiko.
"Ngoja."
Akachukua kidhibiti kwa mikono yake ya useremala,
akakalia ndoo ya rangi,
na mbele ya kioo kisicho na kitu akaanza kucheza.
Gumba likabonyeza: mruko. Mlio wa sarafu.
Hatua nne, akahesabu kwa midomo, mruko tena. Sarafu mbili.
"Hapa pana shimo," akaniambia,
kama mtu anayekutembeza nyumbani kwake umeme umekatika,
"na baada ya shimo, popo."
Popo akapita. Nilimsikia.
Alifika mbali kuliko nilivyodhani,
kisha ule mlio wa kushuka, wa kufa, naye akacheka.
"Osmarino angevuka. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa na gumba."
Hakusema Osmarino yuko wapi. Sikuuliza.

Skrubu sita; ya saba ilijificha chini ya kibandiko.
Mita ikasema volti tano kasoro kidogo: chakula kinafika.
Nikaifuata njia ya picha kwa ncha ya sindano,
kutoka mguu wa chipu kuelekea mlangoni,
na nikanusa kabla ya kuona.
Shombo. Samaki wa jana.
Kapasita moja, ndogo kama kidole cha mtoto mchanga,
ilikuwa imejikojolea miaka nenda miaka rudi
na mkojo wake umekula barabara ya shaba
kiasi cha upana wa ukucha.
Upana wa ukucha!
Dunia nzima ilikuwa upande wa pili, inajipigia muziki.

Nikaing'oa. Nikasugua kwa siki, kisha spiriti.
Nikatandika daraja la waya mwembamba,
lehemu ikayeyuka, ikang'aa, ikaganda.
Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wanasema;
hawasemi siku hiyo mhunzi alishika nini.
Mimi nilishika kibanio cha nyusi.

Picha ikaja. Ya kijivu.
Mbingu kijivu, sarafu kijivu, popo kijivu kilichokolea.
"Bado," nikasema, "rangi imepotea njia.
Kuna skrubu hapa ya kuitafutia, robo mzunguko tu,"
na bisibisi tayari nimeiweka.
Genésio alikuwa amesogeza ndoo, magoti yanagusa meza.
"Usiiguse."
"Rangi itarudi, Bwana."
"Kwetu haikuwahi kuwepo. Tulikuwa na ile runinga ya mama.
Nilitimiza miaka ishirini ndipo nikajua popo ni wa zambarau.
Sikumwambia Osmarino."

Mvua ya saa tisa ikapiga bati.
Nikarudisha skrubu sita. Ya saba ilinidondoka,
mpaka leo iko chini ya meza mahali fulani.
Alipouliza deni lake nikamtajia bei ya kijivu;
akahesabu noti mara mbili, akalipa,
akaifunga mashine tena kwenye mfuko wa unga,
na kaseti akaitia mfukoni mwa shati,
pamoja na miwani.