Filta Mbili, Kagoshima

Zipo mezani, juu ya gazeti la jana.
Moja nyekundu, pamba iliyonyonya mafuta,
wavu wa waya, nembo ya kung'aa.
Imetumwa na mwanangu Takuma, aliye Sapporo,
na kadi: "Baba, isikie injini yako."
Ya pili ni karatasi, rangi ya maziwa yaliyolala,
imekunjwa marinda, namba ya kiwanda pembeni,
basi. Haijisifu.

Gari lenyewe ni la viti viwili, la buluu,
la mwaka ule Takuma alipoota jino la kwanza.
Mama yake aliuliza: na mtoto atakaa wapi?
Nikalinunua. Hayo tuyaache.

Leo mlima umekohoa mara tatu kabla ya chai.
Hapa kwetu mtabiri wa hali ya hewa
hamalizi kazi kwa mvua na jua;
lazima aseme upepo wa juu ya Sakurajima unaelekea wapi,
ndipo tujue nguo zianikwe nje au ndani.
Leo unakuja mjini.
Bi Hamazaki wa jirani keshatoa ufagio,
anajaza mifuko ya njano ya manispaa.

Majivu haya si ya jikoni.
Ya jikoni ni laini, yanasugua sufuria.
Haya ni kioo kilichosagwa:
yafute kwa kitambaa kikavu uone rangi ya gari inavyochanika.
Na jicho likiingiwa na chembe hutoa chozi;
silinda haina chozi.

Nilimpelekea fundi Sameshima zote mbili.
Ana miaka ishirini na sita, hana subira na hadithi.
Akainua nyekundu mbele ya taa.
"Unaona nuru?"
Naona.
Akainua ya karatasi. "Na hapa?"
Kwa mbali, kama alfajiri nyuma ya pazia.
"Haya," akasema, akarudi chini ya lori la mtu.

Nikachuchumaa. Nikasema: kwenye boksi wameandika
nguvu za farasi watano zaidi.
Viatu vyake vikanijibu:
"Hao farasi watano wanakula nini?
Mafuta ya hiyo pamba yakirukia sensa ya hewa
utanirudia hapa na taa ya njano kwenye dashibodi."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Lakini hii haikujiuza kwangu, wala haikujitembeza.
Ilisafiri nchi nzima na stempu,
na mwandiko ule ule unaoinamia kushoto.

Niseme ukweli.
Jumapili iliyopita upepo ulikuwa wa kwenda Osumi,
anga safi kama sahani iliyooshwa.
Nikafungua boneti. Klipu nne, dakika sita.
Nikaifunga ile nyekundu, nikaenda hadi handaki la kaskazini,
nikashusha vioo, gia ya tatu, nikakanyaga.
Mwendo haukuongezeka hata wa kobe.
Lakini injini ilivuta hewa
kama mtoto wa miaka saba anavyovuta tambi za moto,
kwa fujo, mchuzi hadi shavuni,
mama yake akisema polepole, Takuma,
nami nikijifanya sisikii.
Nilitoka upande wa pili wa handaki nikicheka peke yangu.
Nikageuza, nikapita tena.

Leo nimerudisha karatasi.
Imekaa mahali pake bila kubishana,
kama mtu aliyeijua nyumba kabla haijapakwa rangi.
Juu ya bati majivu yanashuka, ts, ts, ts.

Saa mbili usiku simu.
"Baba, umeifunga? Inalia?"
"Inalia," nikasema.
Hakuuliza siku gani.

Bafuni, kwenye kamba, kati ya soksi zangu,
nyekundu inachuruzika maji baada ya kuoshwa.
Nawasha televisheni, napunguza sauti,
nasubiri mtabiri afike kwenye mshale wa upepo.