Kwa Nkwimba wa Mzani Namba Tatu

Kwanza, dada Nkwimba, usiichomoe.
Najua umeme ukikatika Kirumba
mkono wako unakimbilia ile kebo ya bluu:
unaipuliza, unaipangusa kwa kanga,
unairudisha popote penye tundu.
Jumanne uliichomeka vichwa vyote viwili
kwenye swichi ileile,
na Mwaloni mzima ukasimama.
Neno lilitoka, likajirudia, likajikuta linatoka tena,
kama umbea wa Makoroboi usio na wa kuukata.
Magunia mia mbili ya dagaa yamekwama mzanini,
madereva wa Goma wanapiga honi.

Basi kaa, nikueleze mara moja.

Uzito unaousoma hauendi ofisini mzima mzima.
Unakatwa vipande; tunaviita pakiti.
Kila pakiti imeandikwa itokako na iendako,
kama uandikavyo kwa makapeni ubavuni mwa gunia:
LUFUNGA, UKARA. KWA BUGUMBA, TARIME.
Moja ikizama njiani, wa upande wa pili hasemi "basi, Mungu atalipa".
Anadai. Inatumwa nyingine.

Swichi ni kuli wa humu humu ndani,
anamjua kila mtu kwa sura.
Ruta ndiye ajuaye kwamba kuna Nyakato,
kuna Dar es Salaam, kuna kwingine asikokujua,
ila anajua amwulize nani.

IP ni namba ya chumba cha gesti:
leo umelala cha kumi na mbili, kesho yumo mwingine.
Printa nimeikatia chumba cha kudumu,
ndiyo maana nilikuwa mkali ulipoigusa.
Nisamehe ule ukali. Chumba usikiguse.

Na ping? Ping ni hodi.
Unabisha, unahesabu.
"Karibu" ikirudi kwa milisekunde nne
tatizo si mtandao, karatasi imeisha.
Kimya kikizidi, nipigie,
hata kama niko Igoma juu ya nguzo.

Ukuta wa moto hauna moto. Umecheka, nimekuona.
Ni mlinzi mwenye daftari; asiyeandikwa hapiti,
hata aje na soda baridi.

Limebaki moja, nalo linanishinda.
Wanasema hesabu zetu zinakaa kwenye wingu,
nami nikisikia hivyo natazama lile la Ukerewe,
jeusi, linakuja,
na dagaa wa leo bado wameanikwa.
Lile silo, dada.
Lile shika turubai upande huo, nami huku.
Kebo iache ilipo.