Lehemu

Wasaka kaa wa Sahare ndio waliomwona kwanza,
amelala kifudifudi kati ya mizizi ya mikoko,
maji yamekupwa, yamemwacha uchi.
Wakamfunika makuti kama maiti ya mgeni,
wakaja kunigongea dirisha usiku:
"Fundi Bakombo, tumepata nguru wa shaba."

Watu wanane, mikokoteni miwili, hadi Ngamiani.

Shaba gani ile! Sijui alikaa majini siku ngapi,
wala kutu, wala ukoko. Nikampiga kwa ukucha,
akaitika kama upatu wa harusi.
Mimi mfua masufuria, niliyezoea shaba chovu
ya vyungu vilivyotoboka,
nakiri: nilimpenda kabla ya kumjua.

Mbwana, mwanafunzi wangu, akauliza, "Anakula nini?"
Hewa, nikamwambia, baada ya skrubu ya tisa.
Tumboni mwake mlikuwa na chupa nene ya chuma
ambamo walishindilia pumzi ya mifuo elfu,
wakaiziba, wakaiambia isubiri.
Mkiani rafadha mbili, hii yazunguka kulia, hii kushoto,
zikigombana ili yeye asibingirike.
Kichwani mchanga tu. Huyu alikuwa wa mazoezi.
Pale penye mchanga, nilielewa bila kuambiwa,
pana mwenyewe.

Lakini katikati, kwenye chumba kidogo kilichofungwa mara mbili,
ndipo nilipokaa kitako.
Timazi!
Timazi ya mwashi, kama ile iliyonyoosha kuta za msikiti wetu,
inaning'inia humo gizani,
na kando yake sahani nyembamba yenye springi
inayosikia uzito wa maji na kuunong'oneza usukani:
panda kidogo; shuka; sasa, hapo hapo.
Huko kwao, nikasikia baadaye, watu huapishwa
kabla ya kuonyeshwa chumba hiki.
Mimi nilikiona kwa taa ya mafuta ya nazi,
nimevaa msuli, sina kiapo.

Nikauona na ugonjwa wake.
Bomba la hewa, unene wa kidole cha mwisho,
lilikuwa limebanduka kwenye kiungo. Lehemu ya haraka,
kazi ya mtu aliyesikia kengele ya chakula.
Hapo ndipo pumzi ilipotorokea,
ndiyo sababu akapotea njia, akaja kwetu.

Ningeweza kuacha.
Uulize mkono, usiniulize mimi.
Mkono wangu ulilelewa na baba,
na baba alikitazama kiungo kibovu
kana kwamba kimemtukana mama yake.
Nikawasha makaa. Mbwana akavuta mifuo.
Bati, chembe ya sandarusi, subira.
Kiungo kikafunga, laini kama kovu la mtoto.

Asubuhi wakaja askari, na fundi wa manowari,
Bwana Detlef, Kiswahili chake cha miezi minne:
"Topido yangu. Wewe fungua?"
"Sijafungua."
Akampapasa samaki wake kama tabibu,
kidole kikafika kwenye kiungo, kikasimama.
Akanitazama. Nikatazama masufuria.
Akahesabu rupia kumi na mbili,
kisha, kimya, akaongeza moja.

Kumi na mbili waligawana wasaka kaa.
Ile moja sijaitumia, imo kwenye kopo la misumari.
Kibibi, mke wangu, aliniuliza mara moja tu,
siku manowari ilipong'oa nanga:
"Ulichokitengeneza, nacho kinatengeneza nini?"
Nikamwambia chumvi imezidi kwenye mchuzi.

Miaka imekwenda. Mchanga umetolewa kichwani, najua.
Mwenyewe ameingia.
Usiku nasikia rafadha zikigombana,
timazi imetulia katikati ya giza,
naye anakwenda, amenyooka,
kuelekea mahali ambapo mtu nisiyemjua
anachovya mkate kwenye chai.
Na lehemu yangu, Mola wangu,
haijawahi kuachia.