Chumba cha Chini, Kutaisi

Mama ana masharti matatu,
na la nne hulisema akishasimama kuondoka:
ngazi zisizidi tatu,
maji ya moto yawe moto kweli, si ya kuahidiwa,
godoro lisimmeze.
La nne: kitanda asikitandike yeye.

Nimepigia simu hoteli tano.
Ya kwanza ina nyota nne, lifti haina.
"Lakini ngazi zetu ni za marumaru," akasema kijana,
kana kwamba goti hujua jiwe lipi ni ghali.
Ya pili ina lifti, ila huishia ghorofa ya tatu
na vyumba vilivyobaki viko ya nne.
Ya tatu imekaa juu ya ukumbi wa dansi.
Ya nne, nilipouliza habari za godoro,
mwanamke alinyamaza, kisha akanong'ona,
"Dada, mpeleke mama yako kwingine."
Mungu ampe maisha marefu.

Ya tano ni ya Bi Tsiuri, nyuma ya soko:
vyumba sita, kimoja chini,
kinatazama mkomamanga na kamba ya kuanikia.
Nilipouliza maji akaniambia ngoja,
akaisogeza simu kwenye bomba, akafungulia.
Nikasikiliza mpaka sauti ikabadilika,
ikawa nzito kidogo, kama maji yanavyokuwa yakipata moto.
Nikalipa.

Gurami, baba wa bibi harusi, binamu yake mama,
alipopata habari hakungoja kuche.
"Hoteli? Kwani nyumba yangu imeungua?
Nanuli alale kwa kulipa, na mimi ni hai?"
Nikamweleza goti. Akasema atambeba.
Nikamwambia ana miaka sabini na tisa.
Akasema atambeba polepole.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sawa.
Lakini miaka arobaini mwenyeji alikuwa mama.
Kila harusi ya ukoo iliyopita kwetu
alishusha magodoro kutoka darini,
akawapanga wajomba sebuleni kama samaki kwenye sinia,
mwenyewe akajilaza jikoni, juu ya viti viwili,
na asubuhi watu wakasifu mchuzi wake wa jozi.
Sikuona aliyepona pale jikoni.

Tulifika Ijumaa. Aliketi ukingoni mwa kitanda,
akakibonyeza kwa kiganja kama anayepima donge la unga.
Akanusa shuka. "Sabuni yao nzuri," akasema,
"ila pembeni hawapigi pasi."
Kisha akavua viatu
akavitazama vidole vya miguu yake muda mrefu,
kama watu aliowahi kuwafahamu.

Harusi ilikuwa harusi. Tamta alipendeza, akalia, akacheka.
Msimamizi wa meza akainua glasi kwa walio hai,
kwa waliotangulia, kwa mabibi, kwa mizabibu,
na nadhani kwa ng'ombe wa jirani, sikumbuki vyema.
Saa tano mama akanigusa kiwiko.
Nilijua chumba kiko dakika sita. Nilikuwa nimezihesabu.

Saa tisa usiku mlango ukagongwa, kwa aibu.
Gurami, viatu mkononi, tai mfukoni.
Vitanda vyake vyote vimejaa watu wa bwana harusi,
na ndani ya bafu amelala mpiga ngoma.
Mama hakuwasha taa.
"Gurami," akauliza gizani, "nyumba imeungua?"

Nikainuka kumpisha kitanda changu,
mikono yangu tayari inavuta viti,
viwili, bila kufikiri.
"Lamara, usithubutu," akasema mama.
"Wewe rudi ulale. Viti ni vyake.
Leo na yeye aonje uenyeji."

Alikoroma mpaka alfajiri, miguu ikining'inia.

Nilipoamka, Gurami alikuwa ameshaondoka,
na kitanda cha mama kilikuwa kimetandikwa,
shuka imenyooka, pembe zimekunjwa kwa ukucha.
Mwenyewe alikuwa dirishani, anakunywa chai.
"Usimwambie Tsiuri," akasema.