Ubao wa Lango

Usikalie huo ubao bila kuuamkia.
Ni mninga, mzito kama deni la ukoo,
na ukingo wake ulioliwa, si mchwa huo:
ni mto Lukuledi, masika kwa masika, ukiuramba.

Daraja lilitangulia. Mawe, chokaa, jasho la kushurutishwa.
Waliolijenga hawakuachiwa majina,
ila mmoja, Nnandoa, aliyekandamiza kidole gumba
katika chokaa mbichi chini ya tao la pili.
Utotoni nilitia changu humo. Kilipwaya.

Kisha akaja Bruda Ekihati na daftari la hesabu,
akalitundika gurudumu ubavuni mwa daraja
kama hereni kwenye sikio la kizee.
Wanawake wakacheka: maji yasage? Kwa meno yapi?
Kesho yake wakaja na makopa, wakaja na mtama,
wakashika unga uliotoka vuguvugu
kama kitu kilichokuwa hai muda si mrefu.
Malipo, kibaba kimoja kwa pishi mbili.
Michi ikaegemezwa ukutani,
na mikono ikaamka alfajiri isijue ishike nini.

Mlinzi wa lango, mwishoni, alikuwa mama yangu,
Somoe binti Likapa.
Ubao juu, maji yaingie. Ubao chini, mawe yapumzike.
Ndiyo kazi, basi. Lakini masikio!
Akiwa jikoni alijua punje zimekwisha.
"Jiwe likikosa cha kula," akisema, "hujila."

Mwaka wa sabini na nne likaja lori.
Tuhamie barabarani, tupangwe mistari
kama punje kwenye gunzi.
Tulipewa robo saa: godoro, kuku, sufuria.
Lango hakulikumbuka mtu.

Usiku ule kijiji kipya hakikulala.
Kwa mbali, au labda vichwani mwetu tu,
mawe yalikuwa yanasagana matupu.
Mama akajifunga kanga kiunoni, akatoka,
maili kumi na moja gizani,
kwenda kuliambia gurudumu kwamba watu wamehama.

Akarudi jua limepanda, ubao kichwani.
Baba akafoka: si ungeushusha tu, ulifunge?
Mama akanywa maji kwanza. Kata nzima.
Akasema jiwe la juu alilikuta limepasuka,
na gurudumu, halina tena cha kusaga,
linazunguka taratibu, kwa raha zake,
kama mtoto aliyesahauliwa mchezoni.
"Nikaona haya kulifunga."

Mvua za Elinino zililichukua,
yeye pia alikuwa amekwisha tangulia,
zikachukua na tao la pili.
Juzi wapimaji wa daraja jipya walipita hapa
wakiuliza kama kuna kumbukumbu yoyote.
Niliwapa chai. Walikaa hapo hapo ulipokaa.

Kidole changu sasa kimejaa, kimekomaa.
Hakuna pa kukipimia.